Antivairasi ya Elfu Kumi

Anayetaka kujua flashi hupitia wapi duniani na afungue steshenari karibu na chuo. Kwetu zinaingia zikining'inia kwenye funguo na kwenye kamba za vitambulisho. Moja ilikuja imefungwa plasta. Zote zimeshalala bwenini, maktaba na kwenye steshenari za wenzetu. Ukiichomeka, mafolda ya mteja yamegeuka njia za mkato zenye kishale pembeni. Kazi haijafutwa, imefichwa tu, na kuifichua hakuchukui muda. Kamweleze hivyo binti ambaye ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo inakusanywa saa kumi na sasa ni tisa na nusu. Ataapa mbele ya foleni nzima kwamba kirusi kimetoka kwetu.

Basi mimi na mke wangu tukaamua kutafuta antivairasi ya maana. Habari zikazagaa, na mtaa mzima ukawa wataalamu.

Wakala wa pesa, jirani yetu, akashauri tuweke mbili: moja ikisinzia, nyingine iko macho. Dogo wa kaunta akazijaribu kwenye kompyuta ya pembeni. Sasa antivairasi kazi yake ni kuchungulia kila faili linalofunguliwa, kwa hiyo zile mbili zikaanza kuchunguliana. Feni ikanguruma, mshale ukaganda, na mteja wa ukurasa mmoja akaenda kuprinti ng'ambo ya barabara.

Za bure nazo zina masharti yake. Nyingi zimeruhusiwa kwa matumizi ya nyumbani tu, na steshenari si nyumbani, hata kama mke wangu anachemsha chai nyuma ya mashine ya kopi.

Mhadhiri mmoja, mteja wetu wa kudumu, akatutahadharisha kuhusu Kaspersky: mwaka 2024 Marekani ilipiga marufuku isiuzwe nchini mwake kwa sababu kampuni ni ya Kirusi. Wakala akauliza, "Sasa Mrusi afanye nini na sivii za watu wasio na ajira?" Mhadhiri akahamia kwenye za bei mbaya. Tarehe 19 Julai mwaka huohuo, CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, ilisambaza sasisho bovu, mashine za Windows zipatazo milioni 8.5 zikazima na ndege zikakwama viwanjani. Hapakuwa na kirusi hata kimoja. Tukamshukuru, akaondoka na kopi zake, sisi tukabaki na hofu mpya.

Ndipo akaja fundi wetu, yuleyule anayetupigia windo kila kompyuta ikizingua. Alikuwa na antivairasi kwenye flashi, "full kabisa," shilingi elfu kumi, haidai leseni mpaka kiama. Akafungua maelekezo. Mstari wa kwanza uliandikwa: zima antivairasi yako.

Mke wangu akavua miwani. "Shem, yaani ili mlinzi wako aingie, kwanza tuwafukuze walinzi waliopo?"

"Ni utaratibu tu, shemeji."

"Na yeye mwenyewe akikaguliwa getini hapiti?"

Fundi akasema shemeji ana maswali ya polisi.

Hatukununua kitu. Windows ina antivairasi yake, Defender, inayokuja nayo bila malipo, na kumbe ya kwetu fundi alikuwa ameizima tangu siku alipopiga windo. Tukaiwasha, tukaiacha iskani kompyuta zote usiku kucha. Asubuhi ikatuletea mshukiwa: kiwashio cha kuidanganya Windows kwamba imelipiwa, kazi ya mikono ya fundi. Kwa hiyo fedha ya antivairasi ikanunua leseni halali za Windows, na haikutosha. Mke wangu aliziba pengo kwa pesa ya kiti changu kipya. Halafu akateua kompyuta moja ya kupokea flashi, isiyounganishwa na nyingine, akahamishia hesabu za duka kwenye diski inayochomekwa jioni tu na kuchomolewa papo hapo.

Ijumaa fundi alirudi kuprinti ankara yake. Akachomeka flashi kwenye ile kompyuta ya mapokezi. Kidirisha cha onyo kikaruka, kikafuatiwa na kingine, halafu faili la antivairasi ya elfu kumi likatoweka mbele ya macho yake.

"Shemeji," akaita kwa sauti ya chini, "hebu izime kidogo."

"Andika kwa mkono, shem. Kalamu ni mia tano."