Kilemba cha Ndago

Ukoka umesifiwa vya kutosha. Hata mtu anayedanganywa kwa sifa husemwa amevikwa kilemba cha ukoka, ilhali ndago, ambayo haiupi ukoka huo usingizi, haijapata hata kofia. Leo naivika kilemba mimi. Mwenye nyumba wa Goba au Tegeta atakayekereka, na aende kwanza akaing'oe.

Ukoka uliununua kwa kiroba, ukamlipa kijana aupande, ukaumwagilia maji ya boza. Ndago ilikutia gharama gani? Ilijileta yenyewe ndani ya udongo mweusi ulioshushwa na kirikuu, wala haikudai nauli. Kiangazi kikiupiga ukoka ukawa rangi ya mkeka mkuukuu, ndago inangoja chini, haina malalamiko. Kata majani Jumamosi, na Jumatatu alfajiri itakuwa imeshasimama wima juu ya wenzake wote. Sijui nani mwingine nyumbani kwako anaamka hivyo siku ya Jumatatu.

Na ina adabu ya kujitambulisha. Viringisha shina lake kati ya vidole utazisikia pembe tatu; nyasi za kweli hazina shina la namna hiyo. Sasa livute, taratibu, mvua ikiwa imenyesha. Litatoka na shingo nyeupe, laini, nawe utatabasamu. Ndivyo inavyotaka. Kiazi chenyewe, cheusi, kidogo kuliko karanga, kimebaki udongoni, kimeunganishwa na wenzake kwa nyuzi ngumu kama shanga za kiunoni. Ukibahatika kukipata, kipasue: ndani ni cheupe, na kinanukia. Wahindi hukikamulia mafuta ya manukato. Wewe unakitupa nyuma ya ukuta, kwa jirani.

Fadhila yake kubwa, hata hivyo, huonekana mwenye nyumba anapopandwa na hasira na kushika jembe. Katika mnyororo ule, kiazi kilichotangulia kuchipua huwazuia wengine wasiamke. Jembe likiukata mnyororo, kila kiazi kinajikuta huru, kinachipua. Yaani yule bwana aliyetokwa jasho asubuhi nzima akilima kwa matusi ndiye mkulima bora wa ndago mtaani, na mbegu amezitawanya mwenyewe. Akibadili mbinu akanyunyiza dawa, majani yatakauka vizuri tu, lakini viazi vilivyolala havikuonja hata tone. Akitandaza karatasi ya plastiki, ncha ya ndago itaitoboa.

Gugu gani la bustanini lina wasifu kama huu? Mwaka 1977 LeRoy Holm na wenzake walitoa kitabu kizima juu ya magugu mabaya kuliko yote duniani, na ndago wakaipa nafasi ya kwanza. Ukoka pia umo, lakini nyuma. Mwaka 2014 watafiti waliochunguza ugaga wa meno ya watu wa kale waliozikwa Al Khiday, karibu na Khartoum, walikuta kwamba watu hao walikuwa wakila ndago, na wakasema huenda ndiyo iliyowakinga meno yasioze. Sisi tunapalilia dawa ya meno, kisha tunakwenda dukani kununua nyingine.

Tusisahau riziki. Kijana wa bustani anayeng'oa ndago kweli atakosa kazi mwezi ujao. Anayekata majani yake tu atasomesha watoto. Nao wazee waliostaafu, ambao zamani walikuwa na ofisi na katibu muhtasi, sasa wana ndago. Jioni huchuchumaa uani na kisu cha jikoni, na anayepita hana haja ya kutafuta mazungumzo.

"Shikamoo, mzee. Naona zimestawi."

"Marahaba. Hizi? Hizi nazimaliza wiki hii."

Amejibu hivyo tangu tumhamie jirani.

Dawa ipo, nisiwe mchoyo: ndago haipatani na kivuli. Panda mwembe, ngoja utandaze matawi, utaiona inanyong'onyea. Ukoka nao utanyong'onyea pamoja nayo, kwa sababu hauishi bila jua, na wewe utabaki na uwanja wa vumbi, ukifagia majani ya mwembe kila asubuhi.