Taimingi ya Khocha

Khocha, mjomba wangu wa Bungoma, ana Peugeot 504 inayobeba abiria, mahindi na kuku bila ubaguzi. Ukimshauri aiuze, atakukumbusha kwamba Ove Andersson alishinda Safari Rally ya 1975 kwa 504. Ukimsikiliza utadhani yeye ndiye aliyekuwa akimsomea ramani.

Injini yake bado ni ya pointi. Zikilika, cheche hupotea majira, na khocha hukimbilia kwa fundi wa Kanduyi. Huyo hupima mwanya wa pointi kwa kipande cha pakiti ya sigara, huunga balbu kwenye waya wa distributa, kisha huizungusha taratibu hadi balbu iwake. Anakaza nati, anadai chake.

Kizaazaa kiko Kitale. Kule ni juu kuliko Bungoma kwa takriban mita 500. Hewa ni nyepesi, petroli huungua polepole, hivyo cheche inatakiwa iwahi kidogo. Fundi wa Kitale hana balbu, ana sikio. Huinamia injini kama padre anayesikiliza maungamo, kisha huuliza, "Nani aliharibu hii?" Anasogeza distributa, gari linapata nguvu, khocha anateremka akiimba. Akifika nyumbani na mzigo, kilima kidogo tu injini inagonga. Fundi wa Kanduyi anafungua boneti. "Nani aliharibu hii?"

Kuna siku fundi huyo alimtuma kijana wake, aliyelelewa na Toyota, ambazo silinda namba moja iko upande wa rejeta. Mfaransa wa 504 huanza kuhesabia nyuma, kwenye flaiwili. Kijana akapanga waya za plagi kinyume. Kwa jirani kulikuwa na kumuse, ile hotuba ya kufariji watu baada ya mzee kuzikwa, na watu walikuwa wametulia tuli. Khocha akapiga stata. Kabureta ikalipuka kwa kishindo, wazee wakageuka wote. Mfariji akakatiza historia ya ukoo: "Hata marehemu hakuondoka na kelele hizo."

Siku hizi khocha amechora alama mbili kwa msumari kwenye distributa: B na K. Akielekea Kitale husimama Kamukuywa, hufungua boneti, huizungusha kutoka B hadi K. Juzi mama mmoja mwenye kuku alitaka kujua kulikoni.

"Tunaingia majira ya Kitale, mama."

Mama akatoa simu, akaangalia saa.