Mtalipa na Presha Yangu

Huku kwetu Mbinga mbwa hafugwi kwa mapenzi, anafugwa kwa kazi. Analinda kahawa iliyoanikwa uani, anafukuza ngedere shambani, usiku anabweka ili mwizi ajue nyumba ina watu. Akimaliza anapewa ukoko wa ugali, na hapo hesabu imefungwa. Mtu akikukuta unamkuna mbwa kichwa huku unaongea naye, atakusalimia kwa upole usio wa kawaida, kisha atapitia kwa ndugu zako kuuliza kama wana habari zako.

Kwa hiyo mimi mbwa sikuwa namtafuta. Nilikuwa na presha. Ni mwalimu mstaafu, mgane, watoto wametawanyika mijini, na kazi iliyonibakia ilikuwa kukaa barazani kuhesabu bodaboda. Muuguzi aliniagiza nimeze vidonge, nipunguze chumvi, nitembee kila siku. Vidonge nilimeza. Chumvi niliipunguza kwa manung'uniko. Ama kutembea, nilimweleza kwamba Mbinga ni milima mitupu: ukitoka nyumbani unapanda, na ukirudi, sijui inakuwaje, unapanda tena.

Ndipo jirani yangu mwenye duka alipohamia Songea na kuniachia mbwa wake, dume la rangi ya udongo, sikio moja limechanika. Jina lake Mtalipa. Wako watu wanaowapa mbwa majina ya kumsemea jirani, na huyu bwana, kwa kuwa waliokopa dukani kwake walikuwa wengi na wengine ni shemeji zake, hakuwadai. Alimwita tu mbwa wake mbele yao, kwa sauti. Nilijaribu kumbadilishia jina, nikamwita Simba. Mbwa aligeuka nyuma kutazama huyo Simba anayeitwa ni nani.

Binti yangu wa Dodoma aliposikia habari hizo alifurahi kuliko nilivyotarajia, akanirushia kwenye WhatsApp utafiti wa Uswidi. Mtafiti aitwaye Mwenya Mubanga na wenzake wa Chuo Kikuu cha Uppsala waliuchapisha mwaka 2017. Walipekua kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 3.4 wenye umri wa miaka 40 hadi 80, wakaona kwamba kati ya wanaoishi peke yao, wenye mbwa walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 33 kuliko wasio na mbwa. Waliasa wenyewe kwamba hilo halithibitishi kuwa mbwa ndiye sababu. Huenda aliye mzima ndiye anayeweza kufuga. Waliona pia kwamba nafuu kubwa zaidi ilikuwa kwa wenye mbwa wa jamii za kuwinda. Hapo nilipata moyo. Mtalipa anawinda kweli, ila mawindo yake yana wenyewe na hulala bandani.

Alfajiri ya kwanza alikata kamba. Ilikuwa Julai, ukungu umelala hadi usawa wa madirisha, na mimi na koti langu zito nikapita mtaa mzima nikipaza sauti: "Mtalipa! Wewe Mtalipa!" Madirisha yalifunguka. Mengine yalifungwa haraka. Jioni yake kijana mmoja niliyekuwa nimemkopesha hela ya mbolea, deni ambalo nilishalizika na kulisamehe, alibisha hodi kwa adabu, akasema, "Shikamoo mwalimu, ungeniita tu mwenyewe, si mpaka mtaa usikie," akanihesabia noti zote mkononi. Wanaosema mnyama anatajirisha maisha ya mfugaji sijui walikusudia nini, lakini mimi nilipokea taslimu. Wiki ile hata watu wasio na deni kwangu walikuwa wakinisalimia, "Mwalimu, mwisho wa mwezi."

Mtalipa akikata kamba hukimbilia mashamba ya ngoro. Wamatengo, wenyeji wa huku, wamelima hivyo miteremko hii tangu kabla ya Mjerumani kufika: wanaume wanafyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatizana, wanawake wanayafukia kwa udongo wanaouchimba katikati ya kila mraba, na pale katikati panabaki shimo. Juu ya matuta hupandwa maharage, msimu unaofuata mahindi. Mvua ikinyesha, maji yanatulia mashimoni badala ya kuporomoka na udongo wa watu. Mbwa hupita juu ya tuta bila kuangusha jani. Mimi hupita shimoni. Ukitoka katika shimo moja unaingia jingine, maana mlima mzima umepangwa hivyo kwa makusudi. Ufundi huu unasifiwa kwa kuzuia maji, nami nathibitisha kwamba walimu wastaafu pia unawazuia vizuri. Mama mwenye shamba alinikuta nimekaa humo natweta, akaniuliza kama nakagua maharage. Nikasema naam. Tukaongea kuhusu maharage hadi jua likatoka.

Siku mpwa wangu aliponipa lifti kwenda Mbamba Bay, Mtalipa alikuwa ameshapanda nyuma ya gari kabla yangu. Lami sasa inateremka hadi ziwani, kilomita zaidi ya 60: unatoka kwenye baridi ya koti, unafika kwenye joto la kaptura, maana Ziwa Nyasa liko mita zisizofika 500 juu ya usawa wa bahari. Mbwa wa milimani hakuwa ameona maji mengi kiasi hicho. Aliruka majini moja kwa moja kufuata mtumbwi mmoja, nami nikabaki ufukweni nashika moyo. Vijana waliokuwa wanashona nyavu hawakuinua hata vichwa. "Babu, mbwa hafi maji akiona ufuko."

Hakufa. Alitoka, akajikung'uta karibu kabisa na chanja ya dagaa, kisha akaanza kula.

"Baba, huyu mbwa wako anaitwa nani?" mwenye dagaa akauliza, ufagio mkononi.

"Mtalipa."

"Nani alipe? Utalipa wewe!"

Nililipa. Kisha akanikaribisha kivulini kusubiri gari, na paka wake, anayemfuga kwa sababu panya wanatafuna nyavu, akapanda mapajani mwangu akalala bila kuuliza. Mama yule ni mjane, anajua kusimulia, na ana maoni makali juu ya bei ya mafuta ya taa. Tangu hapo dagaa wangu wote wanatoka kwake. Binti yangu anauliza siku hizi kwa nini nakula dagaa wengi hivyo. Namjibu ni kwa ajili ya mifupa.

Jambo ninalotamani watafiti wa Uppsala walipime ni hili. Watu hudhani mnyama anakuponya kwa kukaa miguuni kwako kimya. Wangu ananiponya kwa kunisumbua: ananitoa ndani, ananitupa shimoni, ananigombanisha na watu ambao bila yeye nisingekuwa na sababu ya kuongea nao.

Lakini na yeye ana deni lake kwa afya za watu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, na takriban wote wanaougua wameambukizwa na mbwa. Mbwa akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kimbilia hospitali ukachanjwe. Na mbwa achanjwe kabla ya yote hayo. Siku ya chanjo nilimpeleka. Foleni ilikuwa ya watoto watupu na mbwa wao: mmoja kafungwa kwa khanga, mwingine yumo kwenye kiroba, kichwa tu nje, anaangalia dunia kwa masikitiko. Bwana mifugo akaandaa kadi.

"Jina?"

"Mtalipa."

"Hapana mzee, leo ni bure."

Juzi nimerudi kliniki. Vidonge sijaviacha, na muuguzi alipima mkono mmoja, akapima wa pili, akatabasamu. Akauliza nimeongeza nini. "Nafukuza mbwa," nikasema. Akaandika "mazoezi mepesi", akaniambia niendelee nayo. Hilo neno "mepesi" nilitaka kulipinga, ila nje kelele zilishaanza, na mwenye kuku alikuwa anauliza mlangoni mwenye mbwa ni nani.