Kilo Kumi na Saba za Baba Watoto

Mume wangu ni mtu wa hesabu, ila hesabu zake huanzia kwenye jibu. Akishaamua kwamba jambo lina faida, namba huitwa baadaye kuja kutoa ushahidi. Ndivyo alivyofuga kware. Ndivyo alivyochimba bwawa la kambale nyuma ya jiko. Na ndivyo kiyoyozi cha gari letu kilivyong'olewa kipande kwa kipande chini ya mwembe, hapa Kibaha, kwa sababu gari "limezidi uzito".

Nimtetee kidogo. Mtu wa Kibaha ameishi jirani na mizani. Kwa miaka mingi malori yaliyotoka bandarini Dar es Salaam yalipanga foleni hapa kupimwa, kabla kazi hiyo haijahamia Vigwaza, na watoto wa Maili Moja walikua wakisikia mabishano ya tani na ekseli. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inasema lori na mzigo wake visizidi tani 56. Aliyelelewa kwenye mabishano hayo si ajabu akiitazama hata Toyota kuukuu ya cc 1300 akaiona ina deni la kilo.

Chanzo hasa kilikuwa mafuta. Jumamosi huwa tunakwenda Maneromango, wilayani Kisarawe, kumwona mama mkwe na kuangalia shamba la mihogo na mikorosho. Tunafuata Barabara ya Morogoro hadi Mlandizi, tunakata kushoto, kisha ni vumbi kupitia Mzenga. Kwenda na kurudi ni lita kumi hivi. Agosti 2022 EWURA, mdhibiti wa bei za mafuta, ilipotangaza bei ya kikomo ya petroli kwa Dar es Salaam kuwa shilingi 3,410 kwa lita, baba watoto alinunua daftari la kuandikia mafuta. Bei ilirudi karibu na elfu tatu, lakini daftari halikufungwa.

Jioni moja akarudi kutoka kijiweni wanakochezea drafti, uso unang'aa.

"Mama watoto, unajua madereva wa mashindano wanatoa kiyoyozi? Wanapunguza uzito. Gari likiwa jepesi halili mafuta."

"Si kuna swichi? Usikiwashe."

"Swichi inazima ubaridi. Haizimi uzito."

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na sentensi hiyo haina kosa hata moja la kifizikia. Nikamweleza kilichobaki. Kompresa ina klachi yake. Ukizima kiyoyozi, klachi inaachia, puli inazunguka bure na injini haibebi kazi yoyote ya kupoza. Kiyoyozi hula mafuta kikiwa kimewashwa. Kikiwa kimezimwa ni abiria tu, tena mdogo. Alinisikiliza kwa adabu zote, halafu akauliza kama spana namba 12 iko wapi.

Fundi naye alijaribu kumzuia. Alizunguka gari mara mbili, akajifuta mikono na kitambaa cheusi kuliko mikono yenyewe. "Bosi, watu huniletea kazi hii niwafungie. Kutoa, wewe wa kwanza."

"Basi nitakuwa wa kwanza."

"Shemeji, umekubali?" akaniuliza mimi.

"Muulize mwenye gari," nikasema, nikaketi kwenye tairi bovu kushuhudia.

Gesi ndiyo iliyotangulia. Mwenye vifaa huivuta kwa mashine na kuihifadhi kwenye mtungi. Mwembe wetu haukuwa na mashine. Fundi alilegeza nati, ikalia kwa mluzi mrefu, vidole vyake vikafanya barafu nyeupe hadi akaruka. Gesi hiyo, R134a, haitoboi tabaka la ozoni kama zile zilizopigwa marufuku na Itifaki ya Montreal ya 1987, ila kwa kuipasha dunia joto ni kali mno: kwa kipimo cha miaka 100, kilo moja yake ina nguvu ya kilo 1,430 za hewa ya ukaa. Ndiyo maana nchi zilizokutana Kigali mwaka 2016 zilikubaliana kuipunguza pamoja na jamaa zake. Kwenye gari dogo hukaa kama nusu kilo. Nusu kilo iliyopotelea kwenye matawi ya mwembe ule ni sawa na moshi wa kuchoma lita 300 za petroli. Baba watoto aliyetaka kuokoa mafuta alikuwa ameshachoma, kwa upande wa anga, mapipa yasiyopungua moja na nusu kabla hata bolti ya kwanza haijafunguliwa.

Baada ya gesi zikafuata mali zenyewe: kompresa, kondensa iliyokaa mbele ya rejeta, mabomba ya aluminiamu, na kile kichujio kinachonyonya unyevu. Hapo ukazuka mgogoro wa mkanda. Mkanda mmoja ndio uliozungusha kompresa, alternata na pampu ya maji. Kompresa ikitoka, mkanda unabaki mrefu na unalegea. Maili Moja hawakuwa na mfupi. Ikabidi kijana atumwe Gerezani, Dar es Salaam. Mkanda na nauli vikala elfu 35.

Mwisho wakaingia ndani kuifuata evaporeta, iliyojificha nyuma ya kisanduku cha dashibodi. Ikatolewa na boksi lake zima. Fundi aliporudishia kila kitu, skrubu nne zilibaki mkononi.

"Hizi za wapi?"

"Hizi ni za ziada, bosi. Wajapani hufunga kwa wasiwasi."

Vitu vyote vikapelekwa kwa muuza vyuma chakavu, si kuuzwa, kupimwa. Mshale ukasimama kwenye kilo 17. Baba watoto akaomba vipimwe tena, mshale ukarudi palepale. Akaandika kwenye daftari, akapiga mstari chini, akamlipa fundi elfu 60.

Usiku ule binti yetu wa kidato cha pili aliazima daftari. Gari na watu wake ni kama kilo 1,000, akasema, kwa hiyo kilo 17 ni asilimia 1.7. Wahandisi hukadiria kwamba ukipunguza uzito wa gari kwa asilimia 10 unaokoa mafuta asilimia 6 hivi. Basi sisi tutaokoa asilimia moja: desilita moja katika lita kumi, yaani shilingi 300 kwa safari. Gharama ni 95,000. Gawanya.

"Baba, fedha yako itarudi baada ya Jumamosi 317. Zaidi ya miaka sita."

"Gari litakuwepo," akajibu baba yake, akazima taa.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya kumleta mama mkwe Kibaha kwenye harusi ya mjukuu. Ilikuwa vuli, ule msimu ambao asubuhi ni vumbi na alasiri ni mvua. Mpaka Mlandizi tulienda vizuri, vioo vyote chini, mwenye gari akipiga mluzi na kudai anasikia injini "inapumua". Tulipoiacha lami, mbele yetu kukawa na lori la mchanga. Ukifungua kioo unakula Mzenga yote kwa vumbi, ukifunga unaiva. Tulifunga, tukafungua, tukafunga. Mtoto wa mwisho alifika Maneromango kope zikiwa nyekundu kama udongo. Bibi yake alimpokea, akampangusa kwa pembe ya khanga, akasema, "Huyu mmemleta kwa gari au mmemburuta?"

Kupakia kulichukua muda. Mama mkwe haendi harusini mikono mitupu. Gunia la mihogo likaingia kwenye buti, na juu yake nazi, maembe ya mapema, ndoo ya korosho, na jogoo mwenye hasira aliyefungwa miguu. Binti yangu alisimama kando akinyanyua kila kitu kidogo, akipima kwa mkono. "Mama," akaninong'oneza, "mihogo peke yake ni viyoyozi vitano." Nilimkanyaga taratibu anyamaze.

Mvua ilitukuta kabla ya Mzenga. Ilikuja yote kwa pamoja, tukapandisha vioo. Watu wanne, mtoto na jogoo, wote wanapumua, nguo zenye jasho, mihogo yenye udongo mbichi: baada ya muda mfupi kioo cha mbele kikawa maziwa. Hapa ndipo ile kazi nyingine ya kiyoyozi, ambayo hakuna aliyeikumbuka kijiweni, ilipodai haki yake. Hewa yenye unyevu ikipita kwenye evaporeta baridi huacha maji yake pale, ndiyo yale matone uyaonayo chini ya gari lililosimama, na hewa inayotoka hufika kwenye kioo ikiwa kavu. Dereva mwenye akili huwasha kiyoyozi wakati wa mvua kwa ajili ya macho, si kwa ajili ya joto.

"Washa feni," nikasema. "Angalau upepo upige kioo."

Akawasha feni hadi namba ya mwisho. Kioo hakikupata hata pumzi. Boksi la evaporeta ndilo lililokuwa njia ya hewa kutoka kwenye feni kwenda kwenye matundu ya juu, na boksi lilikuwa nyumbani uvunguni. Upepo wote, pamoja na vumbi la asubuhi lililokuwa limejificha mle ndani, ulitokea pale ulipopata uwazi: chini ya kisanduku cha dashibodi, magotini pa mama mkwe. Gauni la harusini, alilolivaa tangu nyumbani asije akalikunja, likapanda mpaka kidevuni. Jogoo akapiga kelele. Mama mkwe akashika gauni kwa mikono miwili, akatamka kwa sauti ya mtu aliyelea watoto saba:

"Mwanangu, zima hicho kitu. Mkwe wangu yuko nyuma anatazama."

Mkwe wa mama mkwe ni mimi. Nilitazama nje, ingawa nje hakukuonekana.

Tulisimama chini ya mkorosho mpaka mvua ilipopungua, kisha tukaenda mwendo wa mkokoteni, mimi nikiinama kutoka nyuma kufuta kioo kwa khanga huku baba watoto akichungulia kwenye duara lenye ukubwa wa sahani.

Nyumbani alikuwepo mjomba, dereva mstaafu wa malori ya Zambia. Alisikiliza kisa chote bila kucheka, jambo lililouma zaidi.

"Nani kakwambia ya mashindano? Safari Rally ilianza 1953, mimi nimeiona kwa macho. Bert Shankland, mtu wa Dar es Salaam, kashinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Unajua magari yale yalifanywaje? Yaliongezwa vyuma! Kinga za mbele, bamba chini ya injini, taa, matairi ya akiba. Barabara yetu haitaki gari jepesi, inataka gari linalofika. Wepesi waachie akina Colin Chapman na Lotus zao za Uingereza, wanaozunguka kiwanja cha lami."

Jumatatu fundi akaitwa. Kurudisha kiyoyozi chote kungehitaji kichujio kipya, kwa kuwa cha zamani kikishaachwa wazi hunywa unyevu wa hewa mpaka kikashiba, tena mpira mpya wa kila kiungo, gesi mpya, na ule mkanda mrefu uliokwisha kukatwa kuwa kamba ya kufungia mbuzi. Bei aliyotaja ilimfanya baba watoto afunge daftari mwenyewe. Tukakubaliana jambo dogo: boksi tupu la evaporeta lirudi mahali pake liwe njia ya hewa. Limerudi, na skrubu nne zimepata kwao. Upepo sasa unafika kwenye kioo, ingawa ni wa moto.

Kwa hiyo, msomaji mwenye gari dogo na safari ndefu, ukitaka kuokoa mafuta, jaza upepo matairi yako kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva. Shusha keria usiyoitumia. Toa kwenye buti yale matofali na madumu yaliyokaa humo tangu msingi wa nyumba. Kiyoyozi kizime kwa kidole, bure, na ukiwashe kwa kidole mvua ikinyesha. Uzito wa gari la familia umo kwenye viti na kwenye gunia la mihogo, na huo hakuna spana inayoufungua.