Pointi za Ndege na Nauli ya Kanana

Nimesonya, ndiyo, na nitasonya tena. Mtu atoka Nairobi kwa ndege, ashuka hapa Ukunda, atia begi kwenye tuktuk, huyo mpaka hoteli ya Diani yenye ukuta na askari getini. Akaa humo siku nne. Siku ya tano arudi uwanjani. Ukimuuliza Kwale ameionaje, akujibu bwawa la kuogelea lilikuwa safi. Bwawa, jamani, na Bahari ya Hindi iko pale pale!

Haya yote yalianza na kijana wetu wa bodaboda. Jana alibeba mgeni, na mgeni akamwambia kwamba yeye nauli ya ndege halipi, husafiri kwa pointi. Basi leo hapa njia panda hakuna habari nyingine. Muuza kahawa auliza hizo pointi ni pesa gani. Mwingine ataka kujua kama zanunuliwa kwa M-Pesa. Mzee wetu mmoja aliyefanya kazi hotelini miaka na miaka asema wageni wa namna hiyo aliwaona wengi, na wote walikuwa watu ambao kazi zao zawapandisha ndege kila mwezi. Mzee kapiga penyewe.

Sikieni. Pointi za ndege ni ndugu wa zile Bonga Points mnazozijua. Ukipiga simu, Safaricom yakuhesabia. Ukipanda ndege, kampuni yakuhesabia. Mtindo huu ulishika kasi American Airlines walipoanzisha wao mwaka 1981, na leo karibu kila kampuni kubwa ina wake. Kenya Airways wana Asante, Air France na KLM wana Flying Blue, Ethiopian wana ShebaMiles, Emirates wana Skywards, Qatar Airways wahesabu kwa Avios. Zamani ulihesabiwa umbali ulioruka. Siku hizi kampuni nyingi zaangalia pesa iliyolipwa, kwa hivyo mwenye tiketi ghali achota kwa ndoo na mwenye tiketi rahisi apata tone, au hapati kitu.

Na msidhani ni sadaka. Kampuni huziuza pointi hizo kwa mabenki, benki nazo huwagawia wateja wenye kadi zao, na biashara hiyo ni kubwa ajabu. Mwaka 2020, korona ilipozilaza ndege chini, United Airlines ya Marekani iliweka rehani mpango wake wa maili, ikakopa zaidi ya dola bilioni 6. Abiria hakuna, ndege zimefunikwa maturubai, lakini daftari la pointi lakopeshewa mabilioni! Kwa hivyo mtu akikwambia kasafiri bure, jua kuna mahali nauli ile imelipwa: na mwajiri wake, na kadi yake ya benki, au na yeye mwenyewe katika safari za nyuma. Hata hiyo tiketi ya pointi, kodi na ada za viwanja bado azitoa mfukoni.

Mwanangu wa bodaboda aniuliza sasa afanyeje naye azipate. Nimemwambia wazi: usipande ndege kwa ajili ya pointi. Ukiwa una safari yako tayari, jiandikishe, kujiandikisha ni bure, uchukue kilicho chako. Kutafuta safari usiyokuwa nayo ili uhesabiwe ni kuichangia kampuni ya ndege.

Lakini hapo ndipo roho yangu yauma, na hapo ndipo nilipofikia kusonya kweli kweli. Nani katika Kwale hii apandaye ndege za masafa marefu? Si sisi tuliokaa hapa na vikombe vya kahawa. Ni mabinti zetu. Kutoka Msambweni, Lunga Lunga, Kinango mpaka Matuga, watoto wa watu waenda Saudia, Qatar, Dubai na Oman kufanya kazi za nyumbani. Mkataba ni miaka miwili, aende na arudi, na wengi huenda tena. Saa ngapi hizo za angani? Na mimi sijamsikia hata mmoja aliyeambiwa kuwa kuna kitu chake pale. Tiketi imekatwa na wakala au na tajiri wa kule, basi msichana ajiona hana haki nayo kwa kuwa hakutoa pesa.

Sivyo, dada zangu. Pointi huenda kwa aliyekalia kiti, yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye tiketi. Aliyelipa si hoja. Ziko tiketi za kikundi na za bei ya chini kabisa ambazo kampuni huzinyima pointi, hilo ni kweli, lakini huwezi kulijua mpaka umeuliza. Kabla ya kuondoka, ingia kwenye tovuti ya kampuni utakayopanda, ujiandikishe, jina liwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti. Siku ya safari, unapokabidhi mizigo, itaje namba yako. Na aliyekwisha kusafiri asikate tamaa, maana kampuni nyingi hupokea madai ya nyuma kwa miezi kadhaa, mradi una namba ya tiketi na kile kipande cha kuingilia ndegeni. Kipande hicho kihifadhi. Tena usikipige picha ukakiweka Facebook kuwaaga marafiki, kwa sababu ile alama iliyochapwa pale imebeba taarifa za safari yako, na mwenye nia mbaya aweza kuisoma kwa simu tu.

Jambo jingine wasiloambiwa ni kwamba kampuni zimeungana kwa makundi. Kenya Airways ni mwanachama kamili wa SkyTeam tangu 2010, na shirika la ndege la Saudia liliingia kundi hilo hilo 2012. Ethiopian wako Star Alliance, Qatar Airways wako Oneworld. Maana yake ni kwamba aliyekwenda Jeddah na Saudia kisha akarudi na Kenya Airways, tiketi zake zikiwa za daraja linaloruhusu, hana haja ya kufungua akaunti mbili zenye vijisenti viwili viwili. Azirundike mahali pamoja. Na azitumie, kwa sababu pointi zilizolala kampuni nyingi huzifuta baada ya miaka miwili au mitatu, na mkataba mmoja tu watosha kuzipitisha muda.

Sitaki kumdanganya mtoto wa mtu: mkataba mmoja hautamnunulia tiketi. Lakini kuna kampuni zinazokubali pointi kulipia mzigo wa ziada, na nyinyi mnajua kilio cha kilo za ziada pale kaunta, mtu afungua masanduku mbele ya umati, ayatoa mablanketi aliyomnunulia mamake. Vile vyuo vinavyowafundisha kupiga pasi na kutumia mashine ya kufulia kabla hawajaondoka vikitenga nusu saa kwa somo hili, havitapungukiwa na chochote.

Haya, tumrudie mgeni wetu wa Nairobi. Kufika kwenyewe siku hizi si kazi. Jambojet na Safarilink watua hapa Ukunda, ila Desemba na Pasaka bei zapaa, kwa hivyo anayetaka nauli ya kibinadamu akate mapema au aje Mei, mvua ikiwa imewafukuza wengine na hoteli zabembeleza wageni. Mwenye pointi za Kenya Airways asiseme zimemwishia Mombasa. Ashuke pale Moi, apite barabara ya Dongo Kundu, avuke Mwache na Mteza, atokeze Kibundani huku upande wetu bila kuiona feri. Njia hiyo hiyo yamfaa wa treni. SGR tangu 2017 yashusha watu Miritini, na siti ya kawaida ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Zamani kutoka Miritini mpaka hapa ilikuwa safari ya pili yenye jasho kuliko ya kwanza. Na Likoni bado ipo: mwenye begi moja mgongoni avuka kwa miguu bila kulipa senti, aona meli zaingia Kilindini, kisha apanda matatu ya Ukunda upande wa pili.

Akishafika, atoke nje. Kuna watu wa mapokezi wamtishao mgeni asivuke geti, ati nje kuna wasumbufu. Kero ya ufukweni ipo, sikatai, wauza safari na vinyago wamwandama mtu mpaka achoke. Lakini Kwale haiishii ufukweni.

Mpelekeni Gazi. Ni mwendo mfupi tu kusini ya hapa, kabla ya Msambweni, na mimi ningekuwa na uwezo wa kumchagulia kila mgeni siku moja tu, ningemchagulia hiyo. Pale ndipo alipokaa Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyewapiga Waingereza vita vya 1895 na 1896 mpaka akalazimika kuvuka kwenda kwa Wajerumani, Tanganyika. Na pale ndipo watu wa Gazi na Makongeni walipofanya jambo ambalo ulimwengu mzima ulikuja kujifunza. Tangu 2013 wana mradi wao wa Mikoko Pamoja. Wailinda hekta 117 za mikoko, wapanda mingine, na hewa ya kaboni inayomezwa na mikoko ile yapimwa na kuuzwa kwa watu wa mbali wanaotaka kufidia moshi wao. Pesa zikaleta maji kijijini na vitabu shuleni, na wanakijiji ndio wakaao kuamua ziende wapi. Mwaka 2017 walipewa tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Mikoko huificha kaboni hasa ardhini, ndani ya tope, miaka mingi, na ndiyo maana kuikata ni hasara mara mbili.

Sasa fikiri, wewe uliyeruka huku na huko kukusanya maili. Ndege yako imetoa moshi. Mama wa Gazi ndiye anayelinda msitu unaoumeza, na akina mama wale wamejenga njia ya mbao katikati ya mikoko, wakutembeza wenyewe, wakueleza huu ni mkoko, huu ni muia, huu ni mchu, na ukiagiza mapema wakupikia samaki wa nazi. Kiingilio ni kidogo kuliko soda mbili za hotelini. Na mgeni yule yuko bwawani! Ah!

Kaya Kinondo nayo iko karibu zaidi, Diani hii hii ukielekea kusini. Ni msitu wa Wadigo, mmoja kati ya makaya ya Mijikenda yaliyotiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008. Wavishwa kaniki kiunoni, wavua kofia, wafuata mzee bila kung'oa hata jani. Mzee akikuona una haraka atakwambia urudi siku nyingine, na hapo yuko sahihi. Ukitoka huko pita Msikiti wa Kongo, pale mto Mwachema uingiapo baharini kati ya mibuyu. Bado wasaliwa, kwa hivyo mavazi ya ufukweni yaacheni garini.

Na sisi wenyewe je? Mtoto wa Ukunda amaliza kidato cha nne hajapanda Shimba, na milima yaonekana kutoka hapa tulipo. Palahala, yule mnyama mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma, katika Kenya nzima amebaki Shimba peke yake. Watu wapanda ndege kutoka Ulaya kumwona, na mwalimu wetu amfundisha kwa picha ya ubaoni. Kando yake kuna Mwaluganje, ambako tangu 1995 wakulima walitoa mashamba yao ndovu wapite, wakagawana mapato ya kiingilio badala ya kukesha wakipiga madebe. Basi moja la shule litoke Ukunda asubuhi, jioni limerudi. Wazazi wa hapa wachangia harusi kwa maelfu; hili nalo walichangie.

Huyu kijana asema mgeni wake ana siku moja iliyobaki na ataka pomboo. Vizuri, nipe simu niseme naye. Wasini, basi, na hifadhi ya Kisite. Muda mzuri ni kaskazi, Novemba mpaka Machi, bahari imetulia na waona mpaka chini. Kusi likivuma, mashua yaruka na tumbo lako laruka nayo, ila kati ya Julai na Oktoba nyangumi hupita, na ajabu ile yastahili kutapikiwa. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa eCitizen, si kwa noti, kwa hivyo lipa kabla hujaondoka kwenye mtandao mzuri. Mchana ule Wasini kwenyewe, kijiji kisicho na gari hata moja, upite bustani ya matumbawe ya akina mama; maji yakitoka watembea kwenye mbao juu ya matumbawe makavu, maji yakijaa ni bahari, kwa hivyo uliza mwezi na bamvua kabla ya kupanga saa.

Na usichukue gari la hoteli. Simama hapa hapa njia panda, panda matatu ya Lunga Lunga, mwambie makanga akushushe Kanana. Pale bodaboda zangoja, zakupeleka Shimoni. Ukiwahi, ingia kwanza kwenye pango, uongozwe na kijana wa kijiji akueleze habari za watumwa waliofungiwa mle. Mashua za kuvuka Wasini zatoka gatini. Bei mkubaliane kabla hujatia mguu ndani, na umlipe nahodha mwenyewe.