Hesabu ya Watoto wa Hayawahusu

Jina la mbwa huyu sikulitoa mimi. Nilimrithi pamoja na nyumba, kutoka kwa mpangaji aliyenitangulia hapa Sumbawanga, bwana mmoja ambaye kwa dhahiri alikuwa na neno na majirani zake, akaona njia ya adabu ya kuwafikishia ni kumwita mbwa wake jike Hayawahusu, kisha kusimama uani kila jioni na kumwita kwa sauti kuu. Mimi ni mtu wa pwani, wa madhehebu ya Shafi, na kwetu chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini sheria hiyo hiyo imemruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa shamba, na maadamu nina magunia ya mahindi ghalani, na wezi hawaogopi baridi hata katika mji uliokaa kiasi cha mita 1,800 juu ya bahari, tuliishi kwa mkataba: yeye nje, mimi ndani, na heshima katikati.

Mkataba huo haukutaja mimba.

Siku ya Nane Nane, wakati taifa linawaadhimisha wakulima, Hayawahusu alionekana nyuma ya mashine ya kusaga pamoja na dume jekundu la mwenye mashine, mbele ya hadhara ya watoto waliotumwa unga, nao wakaitangaza habari hiyo mtaani kwa ufasaha ambao walimu wao hawajapata kuusikia darasani. Kwa hiyo tarehe haikuwa na shaka. Bwana mifugo alinihesabia siku 63, akaangukia tarehe 10 Oktoba, kisha akaiharibu hesabu yake mwenyewe kwa kunieleza kwamba mbegu ya dume huweza kukaa hai siku kadhaa ndani ya mji wa mimba ikilisubiri yai, hata ukihesabu tangu kupandwa, siku 58 ni halali na 68 ni halali vilevile.

Fitina ya eksirei ililetwa na mpwa wangu aliyeko Dar es Salaam, kijana afugaye mbwa wa asili ya Ujerumani na kuwalisha nyama ambayo mimi huiona sikukuu hadi sikukuu. Aliniletea kwa simu picha ya tumbo la mbwa wake: uti wa mgongo wa mama umepita juu, na chini yake, katika kiza cha kijivu, mafuvu madogo na vijiti vya mifupa vimepishana. "Mjomba," akaniambia, "siku hizi mtu hangoji kubahatisha. Ukipiga picha unajua ni wangapi."

Nikasoma, kwa kuwa mstaafu ana wasaa. Nikajifunza kwamba mifupa ya vijusi haina chokaa ya kutosha kuonekana mpaka siku ya 45 hivi, na kwamba mwenye busara hungoja mpaka ya 55, mafuvu yahesabike bila ugomvi. Kwamba ultrasaundi huonyesha mapema zaidi, tangu wiki ya nne, kama mioyo inapiga, lakini kwa kuhesabu si ya kutegemewa. Na kwamba mionzi ya picha moja au mbili, mimba ikishakomaa, haihofiwi sana. Nikamsoma hata Wilhelm Conrad Röntgen, aliyeigundua mionzi hiyo huko Würzburg mwezi Novemba 1895, na kabla mwaka haujaisha akaupiga picha mkono wa mkewe, mifupa na pete vikaonekana. Nilimsimulia mke wangu habari hiyo kwa matarajio fulani. Akajibu kwamba yule bibi alikuwa na subira, na kwamba mkono si mbwa.

Basi ikabaki kutafuta mashine. Kijana mmoja ninayemfahamu, mtaalamu wa mionzi katika hospitali ambayo sina haja ya kuitaja, alinisikiliza kwa adabu yote mpaka nilipofika kwenye neno mbwa. Akaniuliza kama ningependa mama wa watu alazwe kesho kwenye meza aliyolala Hayawahusu leo, akataja kibali cha mashine yake na Tume ya Nguvu za Atomiki, hata nikahisi kwamba nimeomba bomu. Alikuwa na haki, na mimi, ambaye huosha kikombe mara saba, nilikuwa mtu wa mwisho wa kubishana naye.

Bwana mifugo yeye akanielekeza Morogoro, kwenye hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Morogoro ni kilometa 900 na zaidi, kwa basi lipitalo Laela, Tunduma na Mbeya. Nikaenda stendi kuulizia. Kondakta alifikiri kidogo, akasema mbwa atalipa nauli ya mtu mzima, na kama atazaa njiani watoto nao watalipa. Nami, nikitaka kujua wangapi, ndipo nikatambua kwamba swali hilo hasa ndilo lililotaka kutupeleka Morogoro.

Hapo habari ilikwisha kuwa ya mtaa mzima. Mzee wa jirani, mkulima wa asili ya hapa Ufipa ambaye maisha yake yote amelima ntumba, alinikuta barazani nikitafakari, akaniambia kwamba yeye hufukia majani ndani ya tuta na kulifunika udongo, na hajapata kulifukua katikati ya msimu ili ahakikishe kuwa yanaoza. Kisha akahesabu chuchu za Hayawahusu, akapata kumi, akagawa kwa mbili, akatoa hukumu: watano. Mwalimu wa hesabu akasema sita. Mama auzaye dagaa wa Kirando akasema saba, hakutoa hoja. Atakayepatia aliahidiwa kuchagua mtoto wa kwanza, nami nikaling'ang'ania neno zawadi, kwa kuwa kamari ni haramu.

Bwana mifugo peke yake ndiye aliyeuliza swali lenye maana: hesabu hiyo naitakia nini? Idadi, alisema, haimsaidii mbwa kuzaa. Kazi yake ni moja tu, kumjulisha mwenye mbwa kama shughuli imekwisha au kuna aliyebaki. Picha ingeweza pia kufichua mtoto mmoja pekee aliyenenepa kupita nyonga za mama. Lakini tumbo hili, alisema akilipapasa, si la mmoja. Akaniachia masharti: akisukuma kwa nguvu nusu saa pasipo kitu, nipige simu, ukitoka uchafu wa kijani kabla ya mtoto wa kwanza, nipige simu, na nimpime joto asubuhi na jioni, kwani mbwa mwenye kawaida ya nyuzi 38 na nusu hushuka chini ya 37 na kidogo siku moja kabla ya uchungu.

Mahali pa kupimia joto la mbwa sipataji. Mke wangu alipopajua, alikifunga kipimajoto kitambaa chekundu, akakihamishia nje ya nyumba, na nilipomweleza kwamba nimekiosha mara saba na mara moja kwa udongo, akataka kujua udongo huo niliuchota wapi.

Joto lilishuka tarehe 13 Oktoba. Usiku Hayawahusu alilidharau sanduku nililomtandikia, akaingia ghalani, akazaa juu ya magunia yangu. Kulipokucha wakawa sita, mama akawaramba, akalala. Mwalimu alikwisha fika kuchagua. Hakuna aliyejua kama ni usingizi wa aliyemaliza au wa anayepumzika, na siku yenyewe ilikuwa kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, ofisi zote zimefungwa. Bwana mifugo alikuja kwa pikipiki, amevaa nguo zake za sikukuu, akalipapasa tumbo, akanyamaza, akasema kuna kitu kigumu: ama mtoto, ama mji wa mimba unaojikaza. "Hapa, mzee wangu," akasema, "ndipo picha ingesema." Akaomba chai. Alikuwa kwenye kikombe cha pili wa saba alipotoka, mwekundu kama baba yake, akilia kuliko wote.

Mwalimu akadai kwamba zawadi ilihusu hali ilivyokuwa alfajiri. Mama wa dagaa akadai haki yake, bado bila hoja. Bwana mifugo akasema aliyemgundua wa saba ni yeye, na pasipo yeye mngehesabu sita mpaka leo. Mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote bila kuvuka kizingiti, akauliza kama mshindi, awe nani, anaweza kuwachukua wote saba, na mama yao, na kipimajoto.