Barua ya wazi kwa Mamlaka ya Utalii ya Qatar: tunaomba nyota zetu

Waheshimiwa,

Mimi ni soja wa mlangoni katika hoteli moja ya West Bay, mzaliwa wa Kisauni, Mombasa. Jina nimelitia mfukoni. Sababu mtaiona mbele.

Kwanza hongera. Bwana anayeshuka na jeti yake, au aliyekodi Gulfstream G700 ya Qatar Executive, hapangi foleni na mtu. Hupokewa mguuni pa ngazi, pasipoti hushughulikiwa na wengine, gari humngoja likiwa limeshapoa. Akiamua kulala Raffles kule Lusail, ndani ya minara ya Katara iliyopindwa mfano wa panga mbili za nembo ya taifa, chumba cha kawaida hata akikitaka hakipati: kila mgeni hupewa seti nzima ya vyumba na sebule yake, nazo seti ziko 132.

Nimeyawaza haya zamu nzima, nikaona hakuna hata moja nililokosa. Nilipotua, mtu wa kampuni alikuwa ananisubiri na kibao chenye jina langu. Pasipoti aliichukua palepale nisihangaike nayo. Ya bwana wa jeti hurudi kabla kahawa haijapoa. Yangu hadi leo inashughulikiwa. Gari lilikuwepo, basi jeupe lenye mapazia. Malazi nilichaguliwa, Industrial Area, chumba cha watu wanane, dabo deka, nami nikapewa ya juu, yenye mandhari: feni isiyozunguka na soksi za Mganda zilizoanikwa kwenye waya wa chaja. Ama faragha, ambayo mgeni huilipia maelfu ya dola ili asionekane, mimi naipata bure. Nasimama saa 12 mbele ya kioo na sijaonekana bado.

Samahani, si bure. Ajenti wa Nairobi alichukua shilingi laki moja na ushei, hela za chama cha mama. Kwa kima cha chini cha riali 1,000 kwa mwezi kilichoanza Machi 2021, huo ni mshahara wa karibu miezi mitatu, kabla hata sijaivaa sare. Sidhani bwana wa jeti alitoa mapato yake ya miezi mitatu ili afike Doha.

Kwa hivyo naomba mje mkague kampi yetu muipe nyota. Huduma zote za daraja la juu tunazo, zilizobaki ni taratibu tu.

Najua mtanijibu kwamba kushika pasipoti ya mfanyakazi ni kosa. Naam, sheria namba 21 ya 2015 imeweka faini isiyozidi riali 25,000. Nayo riali 25,000, bila kupungua, ndiyo faini aliyopigwa Mkenya mwenzangu Malcolm Bidali mwaka 2021: soja kama mimi, aliyeandika mtandaoni jinsi wafanyakazi wanavyoishi, akakamatwa Mei, akaambiwa ameeneza habari za uongo. Basi kuficha pasipoti ya mtu na kuandika habari za maisha ya huyo mtu, kwa bei ya juu kabisa, ni kitu kimoja. Mwenye pesa achague.

Jambo la jua ni dogo, nalipitia haraka. Nchi yenu imepiga marufuku kazi za nje kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Asanteni. Msimamizi wangu anasema mlango ni ndani. Mimi nasimama kizingitini: kisigino kiko kwenye kiyoyozi, pua iko Julai.

Mwisho ni usafiri. Mwezi Mei 2025 nchi yenu iliikabidhi Marekani Boeing 747-8, na thamani iliyotajwa ilikuwa takriban dola milioni 400. Mkono wa kutoa hivyo sijauona kokote. Mimi sitaki ndege, nataka likizo yangu na tiketi ya Mombasa iliyomo kwenye mkataba. Kiti chochote, hata cha katikati kando ya choo.

Majibu msiyapitishe ofisini kwa kampuni, huko vitu huingia vikakaa. Mleteni mtu mlangoni, zamu ya usiku. Akitaka kuhakikisha kwamba ni mimi, nina fotokopi ya pasipoti.

Wenu mtiifu,
Soja wa mlango wa kulia